Swali la Saba: Kufundisha Taarifa ya Habari Ikuti

Walimu wengi wa Kiswahili tumefundisha barua, hotuba, risala na kumbukumbu za mkutano. Ni wachache miongoni mwetu waliopata kufundisha taarifa ya habari ya redio kwa vitendo, tangu habari inapotafutwa hadi inapofika sikioni mwa mtu asiyetujua na asiye na wajibu wowote wa kutusikiliza. Sisi nasi hatukuwa tumeijaribu kazi hiyo mpaka mwaka 2018, tulipoianza na darasa moja la kidato cha tatu katika kata ya Ikuti, wilayani Rungwe. Makala haya yanaeleza jinsi tulivyoipanga, tulivyokosea, na tulivyojisahihisha. Hatuandiki ili kuonyesha kwamba tulifaulu. Twaandika kwa sababu kosa letu lilitoka katika kalamu nyekundu, na kalamu hiyo kila mwalimu anayo mfukoni.

Mahali na nia

Msomaji asiyeijua Ikuti na aifikirie nchi ya vilima na mabonde, yenye migomba mpaka mlangoni, mashamba ya chai, viazi na maharage, na ukungu ambao asubuhi nyingine hauondoki mpaka saa nne. Mtaalamu wa hali ya hewa atakuambia kwamba Tukuyu na viunga vyake hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mwalimu atakuambia tu kwamba mvua ikianza kulipiga bati la darasa, somo husimama.

Katika nchi hiyo redio haikosekani. Hutundikwa kwenye mgomba mtu anapopalilia, huning'inizwa kwenye nguzo ya banda wanapopimia majani ya chai, huzungumza jikoni mpaka betri ziishe. Wazee wanakumbuka mlio wa ngoma uliotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951. Shirika la Utangazaji la Tanganyika likaundwa mwaka 1956. Mwaka 1965 likavunjwa na kuwa Radio Tanzania chini ya Serikali. Kwa karibu miaka 30 Tanzania Bara ilikuwa na sauti hiyo moja, mpaka sheria ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo vya watu binafsi na, baadaye, kwa redio za jamii kama zile za Karagwe, Sengerema na Simanjiro.

Hivyo mtoto wa Ikuti hukua akisikia habari za Dar es Salaam, Dodoma, London na Bonn. Habari asiyoisikia ni ile ya kivuko cha miti kilichochukuliwa na maji nyuma ya shule yake. Tuliliona jambo hili siku ya kwanza. Tuliwaambia wanafunzi waandike habari moja iliyotokea jana. Karibu wote waliandika juu ya mawaziri, au juu ya Simba na Yanga. Tulipowauliza kama Ikuti hakukutokea jambo lolote, mmoja alijibu kwa unyofu kabisa: "Mwalimu, hapa hakuna habari. Hapa kuna mambo tu."

Jibu hilo ndilo lililotupa nia ya kuendelea. Tulitaka wanafunzi wetu wajue kwamba jambo la kijijini huwa habari pale mtu anapolitafuta, analipima na kulisimulia kwa utaratibu.

Mpango wa kazi

Kurusha matangazo hewani kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Hatukuwa nayo wala hatukuitafuta. Tulichofanya ni jambo dogo. Kwa ruhusa ya mkuu wa shule na ya ofisi ya kijiji, tulirekodi taarifa ya dakika kumi kwa simu ya mkononi, tukaipeleka gulioni, tukaipiga kwa spika ya kuazima. Wanafunzi waliiita "redio ya Ikuti", nasi hatukuwakatalia.

Darasa tuliligawa katika makundi matano: waandishi wa habari, wahariri, wasomaji, mafundi wa kurekodi, na wasikilizaji. Kundi hili la mwisho watu huliona la ajabu, lakini tunalipendekeza kwa nguvu zote. Kazi yao ilikuwa kuketi mbali, wakitupa mgongo, na kueleza walichokisikia mara moja tu. Msomaji wa gazeti akipotea hurudi mstari wa juu. Msikilizaji wa redio hana mstari wa kurudia. Kundi hili lilitufundisha mengi kuliko kitabu. Lilitufundisha kwamba sentensi yenye virejeshi vitatu hufa njiani. Lilitufundisha kwamba ni heri kurudia jina la mtu kuliko kusema "huyo" na kumwacha msikilizaji akijiuliza ni yupi. Lilitufundisha pia kwamba baadhi ya wanafunzi wetu, ambao lugha yao ya nyumbani ni Kinyakyusa, walisema "l" palipotakiwa "r". Siku moja msomaji wetu alitangaza kwa heshima zote kwamba wananchi wamehimizwa kujitokeza kwa wingi "kupiga kula". Wasikilizaji waliangua kicheko, na tangu siku hiyo zoezi la matamshi halikuhitaji kuhimizwa.

Kila taarifa tuliipima kwa maneno. Tulikadiria kwamba msomaji asiyekimbia husoma maneno yapatayo 100 kwa dakika, kwani maneno ya Kiswahili ni marefu. Dakika kumi ni maneno 1,000. Tuliyagawa hivi: salamu na kuaga maneno 60, muhtasari wa habari, mwanzoni na mwishoni, maneno 120, habari sita zenye wastani wa maneno 120 kila moja, na maneno 100 ya bei za mazao gulioni. Hesabu hiyo ilibandikwa ukutani, na mwanafunzi aliyetaka kuongeza maneno katika habari yake ilimlazimu kwanza amshawishi mwenzake apunguze yake.

Ama kuhusu mahali pa kurekodia, darasa halikufaa kwa sababu ya bati na mwangwi. Baada ya kujaribu kwingi tulihamia stoo ya shule, kati ya magunia ya maharage, ambayo hunyonya mwangwi vizuri. Mlango ulifungwa na blanketi likatundikwa juu yake. Mvua kubwa ikinyesha tulisubiri. Hakuna ufundi mwingine tulioupata.

Mwisho, kila mwandishi alipewa yale maswali sita yajulikanayo: nani, nini, lini, wapi, kwa nini, na vipi. Aliyeyajibu yote sita tulimhesabu kuwa amemaliza kazi. Hapo ndipo tulipokosea, ingawa wakati ule hatukujua.

Kosa

Taarifa tatu za kwanza zilipokewa vizuri. Watu gulioni waliacha kupatana bei wakasikiliza. Wanafunzi walianza kutembea kwa namna nyingine, kama watu wenye kazi. Nasi tulizidi kuwahimiza: habari ni kama samaki, ikilala huoza, lugha ya habari iwe ya moja kwa moja, usizunguke.

Kabla ya taarifa ya nne, jioni ya mkesha wa gulio, mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa mwandishi wa habari za jamii alituletea habari mpya. Mzee mmoja aliyefahamika sana pale kijijini alikuwa amepelekwa hospitali Mbeya, mwendo wa karibu kilomita 70 kutoka Tukuyu. Mwanafunzi alikuwa amesikia kituoni, kwa vijana wa bodaboda, kwamba mzee huyo amefariki. Aliandika: "Inasemekana kuwa mzee huyo amefariki dunia huko Mbeya alikokuwa akitibiwa."

Tuliisahihisha kazi ile kwa mwanga wa taa, tukiwa na madaftari mengine mengi mbele yetu. Tulipiga mstari mwekundu juu ya "inasemekana kuwa", tukaandika pembeni: "Maneno ya ziada. Sema moja kwa moja." Tulirekebisha alama za uakifishi. Tukampa alama tisa kwa kumi.

Kesho yake, yapata saa nne, habari ile ilisomwa gulioni ikiwa ya pili katika taarifa. Ilisomwa vizuri. Hatujapata kusikia mwanafunzi akisoma vizuri kuliko vile: alitua panapostahili, sauti yake ilikuwa na uzito wa msiba. Binti ya mzee yule alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwenye spika, nyuma ya mafungu yake ya viazi. Aliweka mikono miwili kichwani. Akapiga ukunga, na wanawake waliokuwa jirani naye wakaupokea. Watu walianza kufunika bidhaa zao. Wengine walikwisha kushika njia ya kwenda nyumbani kwa mzee, na mama mmoja alikuwa amejitwisha mkungu wa ndizi aliouleta kuuza, kwa kuwa msibani mtu haendi mikono mitupu.

Yafaa tuseme na hili, ingawa latuaibisha. Katika dakika zile za kwanza, wanafunzi wetu, nasi pamoja nao, tulipatwa na furaha ndogo ya siri. Hatukuwa tumewahi kuliona gulio zima likinyamaza kwa ajili ya neno letu.

Kisha mtu mmoja alipata akili ya kupiga simu. Kaka yake yule mama, aliyekuwa Mbeya akimwuguza baba, alipokea. Mzee alikuwa amekaa kitandani, akinywa uji.

Swali

Siku ya pili yule mama alikuja shuleni pamoja na mjomba wake. Tuliwakaribisha ofisini, tukawapa viti, tukaanza maneno ya kuomba radhi. Alitukatiza kwa upole.

"Mwalimu," alisema, "sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza neno moja tu. Mlijuaje?"

Tulimwita mwanafunzi. Alikuja na daftari lake, akasimama karibu na mlango, macho chini. Tulilifungua daftari mbele ya wageni, na pale, chini ya wino wetu mwekundu, neno "inasemekana" lilikuwa bado lasomeka. Mwanafunzi angeweza kulinyoshea kidole. Hakufanya hivyo, alisimama tu akingoja kuadhibiwa kwa kosa ambalo yeye alikuwa amejaribu kulikwepa, nasi tukamrudisha ndani yake. Ilitubidi tuseme wenyewe: "Mama, mtoto huyu aliandika kwamba amesikia tu. Sisi ndio tuliolifuta neno hilo."

Mama yule alitazama daftari kwa muda. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo hatujalisahau: "Basi mmeniharibia jambo moja, mwalimu. Siku baba atakapokufa kweli, watu watakaa majumbani mwao wangoje kwanza kujua kama ni kweli."

Walipoondoka tulibaki na daftari lile. Ingekuwa rahisi kusema kwamba kosa letu lilikuwa kufuta neno moja, na kwamba kama tungaliliacha mambo yangalikuwa salama. Sivyo. Watu gulioni wangelilia vilevile. Hakuna mtu anayesikia "inasemekana baba yako amekufa" akasubiri ufafanuzi. Kosa lilianza mbali zaidi. Neno lile lilikuwa njia ya mwanafunzi kutuambia kweli: sikuona, nilisikia. Mwalimu makini angesimama hapo hapo amwulize: inasemekana na nani? Sisi tuliliona kama kasoro ya mtindo. Tulikuwa tumeisoma habari ya kifo cha mtu kama tunavyosoma insha: tukitafuta upatanisho wa kisarufi, tusiutafute ukweli.

Hapa ndipo sarufi yenyewe, ambayo ilikuwa imetupoteza, ilipoturudisha njiani. Kitenzi "inasemekana" kiko katika kauli ya kutendeka. Kauli hiyo, kama tunavyofundisha kila mwaka, humwacha mtenda nje ya sentensi. Lugha ya habari imejaa vitenzi vya namna hiyo, pamoja na ndugu zao wa kauli ya kutendwa: imebainika, imeelezwa, inadaiwa, imegundulika. Kila kimojawapo ni mlango uliofungwa, na nyuma ya mlango yuko mtu aliyesema, au hayuko mtu kabisa. Tulitunga zoezi, nalo tunalipendekeza kwa mwalimu yeyote wa kidato cha tatu au cha nne. Mpe mwanafunzi habari iliyochapishwa. Achague kila kitenzi kinachomficha mtenda. Kisha akirudishe katika kauli ya kutenda: nani amebaini? nani ameeleza? nani anadai? Asipompata mtenda, aandike pembeni: "Hatujui." Kwa zoezi hilo moja tulifundisha kauli za vitenzi vizuri kuliko tulivyowahi kuzifundisha, na wanafunzi walijifunza jambo ambalo halimo katika sarufi.

Masahihisho

Tulikubaliana na darasa kwamba kosa lilitangazwa gulioni, kwa hiyo masahihisho nayo yatangazwe gulioni, na yawe habari ya kwanza, yakisomwa na sauti ileile. Tuliandika rasimu sisi wenyewe, kwa kuwa tuliona huo ni wajibu wetu. Rasimu ilianza hivi: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza."

Mvulana mmoja wa kundi la wahariri aliinua mkono. "Mwalimu, usumbufu haukujitokeza. Tuliuleta sisi."

Tulifuta. Masahihisho yaliyosomwa yalikuwa haya: "Katika taarifa yetu ya wiki iliyopita tulitangaza kifo cha mzee mmoja wa kijiji hiki. Habari hiyo haikuwa ya kweli. Mzee yu hai na anaendelea na matibabu. Hatukumwuliza mtu yeyote wa nyumbani kwake kabla ya kutangaza. Kosa ni letu, walimu na wanafunzi. Tunaiomba radhi familia yake, nanyi nyote mliosikia." Gulio halikunyamaza safari hii. Wengine walicheka, na wachache walitikisa kichwa. Ilikuwa vigumu zaidi kusimama pale kuliko juma lililotangulia, na tulitaka wanafunzi waujue ugumu huo.

Mzee aliporudi tulikwenda kumjulia hali, wanafunzi wanne nasi, tukiwa na kilo mbili za sukari. Tulimwamkia. Aliitikia, akaitazama sukari, akauliza kama hiyo ni ya mgonjwa au ni ya matanga yake. Wanafunzi hawakujua kama waruhusiwa kucheka, mpaka alipocheka yeye.

Tukakaa. Alituambia kwamba mwaka 1973, akiwa kijana, aliongoza kundi la kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walimu vijana huenda hawaijui vyema kampeni hiyo. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni mbili nchini kote, katika makundi yaliyoandaliwa chini ya uongozi wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, waliizunguka redio moja moja, wakasikiliza kipindi cha afya, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani kando ya nyumba, kuchemsha maji. Mzee alikumbuka redio yenyewe, na aliyekuwa na zamu ya kuibeba isinyeshewe.

"Redio ile ilisema nasi vizuri," alituambia, "ila haikuweza kuja hapa kutazama. Yenu ni ndogo, lakini ina miguu. Mbona hamkuitumia? Kutoka shuleni kwenu hadi hapa kwangu ni mwendo gani?"

Ulikuwa mwendo wa nusu saa.

Tuliyoyabadili

Tangu wakati huo tulibadili mambo manne, nasi twayaeleza hapa kwa ufupi ili mwenzetu anayetaka kuanza asianzie pale tulipoanzia sisi.

La kwanza, kwa maswali sita tuliongeza la saba: umejuaje? Kila mwandishi alikuwa na daftari lenye safu tano: habari yenyewe, nani aliyesema, aliona mwenyewe au alisikia, nani mwingine aliyeulizwa, na saa ya kuuliza. Habari ambayo safu zake hazikujaa haikusomwa, hata ikiwa imeandikwa kwa lugha ya kupendeza namna gani.

La pili, tulibadili utoaji wa alama. Awali alama zote zilikuwa za lugha na mpangilio. Sasa katika alama 20, nane zilikuwa za uthibitisho, sita za mpangilio, sita za lugha. Mwanafunzi hujifunza kile kinachopewa alama. Mahubiri yetu juu ya ukweli yasingefaa kitu kama kalamu yetu ingeendelea kuhesabu alama za uakifishi peke yake.

La tatu, habari za kifo, ugonjwa, wizi na ugomvi wa nyumbani ziliwekewa masharti yake. Ya kifo au ugonjwa ilithibitishwa na mtu wa nyumba hiyo, na ilitangazwa kwa ridhaa yao. Anayetuhumiwa jambo aliulizwa kwanza, na jibu lake likasomwa katika taarifa hiyohiyo, wala si juma linalofuata.

La nne, mamlaka ya kuizuia habari tulimpa mhariri wa zamu, ambaye ni mwanafunzi. Sisi tulisoma mwisho kabisa. Tulitaka swali la saba liulizwe na wengi, lisiwe mali ya mwalimu mmoja aliyechoka usiku.

Hatutaficha gharama yake. Taarifa ya dakika kumi ilipungua ikawa ya dakika sita. Kuna majuma ambayo habari iliyokuwa midomoni mwa kila mtu haikuwamo katika taarifa yetu, na wanafunzi walilalamika kwamba bodaboda zinatushinda. Tuliwajibu kwamba ni kweli zinatushinda kwa mbio, na kwamba mbio si kazi yetu.

Lakini faida nayo ilikuja, tena mahali tusipoitazamia. Tulikuwa tukitangaza bei ya gunia la viazi kila juma. Mhariri wa zamu alipomwuliza mwandishi "umejuaje?", ilidhihirika kwamba wauzaji watatu walikuwa wametaja bei tatu, na kila mmoja alikuwa mkweli. Walichotofautiana ni gunia. Moja lilikuwa limefungwa sawasawa. La pili lilikuwa limeongezwa kichwa. La tatu lilikuwa lumbesa kamili, lililoshonewa nyongeza juu. Wanafunzi waliomba mizani, wakapima, wakaona kwamba kitu kinachoitwa kwa jina moja kilizidiana kwa zaidi ya debe. Tangu siku hiyo taarifa yetu ilitaja bei kwa kilo, na kueleza kwa nini. Wakulima waliosikiliza habari za mawaziri huku wakiongea, habari hii waliisikiliza kimya. Yule aliyetuambia siku ya kwanza kwamba Ikuti hakuna habari, kuna mambo tu, ndiye aliyeiandika.

Yaliyofuata

Mwaka 2019, wanafunzi wetu wakiwa kidato cha nne, asubuhi moja yenye ukungu alikuja shuleni mtoto mdogo aliyetumwa. Alileta ujumbe kutoka kwa yule mama. Ujumbe ulikuwa mfupi: baba amefariki usiku, mwiteni yule binti aliyeandika, aje aone mwenyewe.

Tulimruhusu, akaenda pamoja na mwenzake. Alirudi saa nne, sketi yake ikiwa imelowa umande mpaka magotini. Aliketi, akaandika sentensi tano: jina la mzee, saa aliyofariki, nyumbani kwake, siku na mahali pa maziko, na kwamba mwaka 1973 aliongoza kundi la Mtu ni Afya. Ilikuwa siku ya gulio. Tuliisoma kazi ile bila kuigusa kwa kalamu. Kisha, kwa kuwa ndivyo tulivyozoeana, tukamwuliza swali la saba.

"Nimemwona," alijibu.

Habari ilisomwa saa tano. Tulisimama kando ya spika tukiwatazama watu, tukiyakumbuka maneno ya mama yule. Walifunika viazi vyao, wakajitwisha ndizi na kuni, wakaanza kupanda njia ya kwenda kwa mzee. Hatukumwona mtu aliyetoa simu kuuliza kama ni kweli.